Kesi ya Sigma dhidi ya Tau

Shtaka limefunguliwa siku ya saba ya mwezi wa Pyanepsion katika kalenda ya Athens. Mlalamikaji ni herufi Sigma, mshtakiwa ni herufi Tau, na waliokaa kitini kusikiliza ni Irabu saba za Kigiriki. Kosa ni kutumia nguvu na kupora mali. Sigma anadai Tau amemwingilia na kumchukulia maneno yake, moja baada ya jingine. Bahari ilikuwa thalassa, sasa waungwana wanasema thalatta. Nyuki alikuwa melissa, leo ni melitta. Nne ilikuwa tessara, sasa ni tettara. Hata jimbo zima la Thessalia limekwenda, linaitwa Thettalia, na Sigma amesimama mbele ya majaji mikono mitupu.

Kijitabu hiki kimetufikia katika mkusanyo wa maandiko ya Lucian, mwandishi wa karne ya 2 B.K. Watu wengi hukisoma kama mchezo wa maneno, wakacheka, wakaenda zao. Mimi kinanishika pengine. Nimezaliwa Mombasa. Kwetu macho ni mato, mchele ni mtele, njia ni ndia. Nikiwa darasa la tano niliandika katika insha kwamba mzee mmoja "mato yalimtoka pima". Mwalimu alilizungushia neno lile wino mwekundu, akalisoma kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko. Nyanya yangu hakuwahi kutamka "macho" maisha yake yote, na hakuna aliyemshinda kwa methali. Kwa hiyo nikimwona Sigma kizimbani namwelewa upesi, ila kwetu kesi ingegeuka: T ndiye angekuwa mlalamikaji.

Nasema haya mapema ili msomaji ajue ninaposimama. Ninaipenda lugha sanifu, naitumia kila siku, na ndiyo inayonilisha. Lakini naamini Wagiriki wa kale waliona jambo ambalo sisi tunalipita mbio: waliocheka kwa ukali zaidi ugomvi wa lugha sahihi walikuwa watu walioijua lugha hiyo kuliko wenzao, na wengi wao waliipata kwa jasho, wametoka mbali. Walichokuwa wakikipigania ni haki ya msikilizaji kuelewa anachoambiwa.

Kwanza tuelewe kwa nini herufi mbili tu ziliweza kuzua kesi. Kigiriki cha kale kilikuwa na lahaja nyingi. Ya Athens iliitwa Kiattika, na ndiyo iliyosema thalatta. Baada ya vita vya Alexander Mkuu, Kigiriki kilienea hadi Misri, Siria na mbali zaidi, na katika kuenea huko kikazaa lugha ya wote, Koine, iliyochagua thalassa. Wafanyabiashara, askari, makarani na mama wa nyumbani walizungumza Koine. Ndiyo lugha ya Agano Jipya. Kufikia wakati wa Lucian, Ugiriki ilikuwa chini ya Roma kwa takriban miaka 300, na wasomi wake waliamua kwamba fahari iliyobaki ni kuzungumza kama Demosthenes, msemaji wa Athens aliyefariki mwaka 322 K.K. Yaani mtu alitakiwa asimame hadharani aongee Kigiriki cha karibu miaka 500 nyuma, bila kuteleza. Aliyeweza alipewa vyeo na wanafunzi, na miji ilimtuma kuwa mjumbe kwa Kaisari. Aliyeteleza alichekwa hadi akanyamaza.

Soko hilo lilizaa makamusi. Pollux, mwenyeji wa Naucratis nchini Misri, alikusanya orodha kubwa ya maneno akaitunukia kwa Commodus, mwana wa Kaisari. Phrynichus wa Bithynia aliandika kitabu cha "sema hivi, usiseme vile", na mjeledi wake haukumbagua mtu. Hata Menander, mtunzi wa futuhi aliyezaliwa Athens kwenyewe, alichapwa. Na hapa kuna jambo linaloiumbua biashara nzima: Thucydides, mwanahistoria aliyehesabiwa kuwa nguzo ya Kiattika safi, aliandika thalassa kwa Sigma mbili. Watunzi wa tanzia wa Athens nao vilevile. Usafi uliokuwa ukidaiwa haukuwamo hata kwa waliodaiwa kuwa chemchemi yake.

Ugomvi wenyewe una mizizi Athens, na ulianza kuchekwa siku ulipozaliwa. Mwaka 423 K.K. Aristophanes alipeleka tamthilia yake ya Mawingu kwenye tamasha la Dionysus, akashika nafasi ya tatu. Ndani yake kuna mkulima mzee, Strepsiades, aliyezama kwenye madeni kwa sababu mwanawe anapenda farasi. Anakwenda kwa Socrates kujifunza namna ya kuwashinda wadai wake kwa maneno. Kabla ya hilo anafundishwa ngeli, yaani majina yapi ni ya kiume na yapi ni ya kike. Anaulizwa ataje wanyama wa kiume. Anataja kondoo dume, beberu, fahali, mbwa, na alektryon. Anasimamishwa papo hapo. Alektryon ni jogoo, lakini wewe na majirani zako mnamwita hivyo hivyo hata mtetea! Basi kuanzia leo dume ni alektor, na jike ni alektryaina, neno lililotungwa palepale kwa kufuata leaina, simba jike. Kisha chano cha kukandia unga, kardopos, ni neno la kike lenye mwisho wa kiume; basi liitwe kardope.

Sisi tunaowaita jogoo na mtetea wote kuku tunaelewa mara moja kwa nini ukumbi ulicheka. Hakuna mke wa mkulima aliyewahi kukosa kuelewa mumewe anamzungumzia kuku yupi. Lakini Aristophanes hakuishia hapo. Baadaye mdai anafika kudai mina 12, fedha ya farasi. Strepsiades anamwonyesha chano, anamwuliza hiki ni nini. Kardopos, anajibu mdai. Basi, anasema mzee, siwezi kumlipa hata oboli moja mtu anayeita kardope kuwa ni kardopos. Deni halali limezimwa kwa kosa la ngeli. Sijui andiko la kale linaloonyesha waziwazi kuliko hili jinsi usahihi wa lugha unavyoweza kutumiwa kumnyima mtu haki yake.

Nyuma ya kichekesho hicho alikuwapo mtu halisi. Protagoras wa Abdera, mwalimu aliyefundisha kwa malipo, ndiye aliyegawa majina katika ya kiume, ya kike na ya vitu. Aristotle anatueleza kwamba Protagoras alitaka menis, ghadhabu, neno linalofungua Iliadi, utenzi wa Homer, lihesabiwe la kiume. Tena alimlaumu Homer kwamba anapomwambia mungu wa kike "imba ghadhabu" anaamuru mahali alipopaswa kuomba. Mwenzake Prodicus alitoza drakma 50 kwa somo kamili la usahihi wa majina, na alikuwa na jingine la drakma moja kwa wasiojiweza. Plato anamfanya Socrates aseme kwamba yeye alihudhuria lile la drakma moja tu, ndiyo maana ukweli wa jambo hili haujui. Usahihi ulikuwa na bei tangu mwanzo.

Nije sasa kwa Lucian, ambaye ndiye ninayetaka kukaa naye. Alizaliwa Samosata, kando ya mto Frati, mji ambao leo umefunikwa na maji ya bwawa la Atatürk kusini mashariki mwa Uturuki. Alijiita Msiria. Katika andiko moja anaiweka sanaa ya Usemaji isimame mahakamani kama mke aliyetelekezwa, nayo inakumbusha ilivyomkuta kijana huyu akizurura Ionia, matamshi yake bado ya kigeni, karibu bado amevaa joho la Kiashuru. Mtu anayejiandikia hivyo hajasahau alikotoka. Kila neno la Kiattika alilokuwa nalo alilisomea.

Ndiyo maana andiko lake liitwalo Lexiphanes lina makali ambayo mwenyeji wa Athens asingekuwa nayo. Lexiphanes, ambaye jina lake lamaanisha mwenye kuonyesha maneno, anakutana na Lycinus, jina ambalo Lucian hulitumia kujisemea mwenyewe. Lexiphanes ana kitabu alichokiandika, eti cha kushindana na Karamu ya Plato. Anaanza kukisoma. Maneno yanamiminika: mengine yamekufa karne nyingi, mengine ameyaunda mwenyewe jana, mengine anayatumia kwa maana ambayo hayakuwahi kuwa nayo. Lycinus anavumilia, mwishowe anamwomba anyamaze, kichwa kinamzunguka kama mlevi. Kwa bahati daktari Sopolis anapita njiani na dawa ya kutapisha aliyomchanganyia mgonjwa mwingine. Lexiphanes ananyweshwa.

Na anaanza kutapika maneno. Linatoka kwanza mon, kisha kata, halafu amegepe, loste, depouthen, na atta ile isiyokwisha. Ni viungo vidogo vidogo vya Kiattika ambavyo wajivuni walivipachika katika kila sentensi ili waonekane wasomi. Jikaze, anaambiwa, tia vidole kooni, tumbo bado limejaa.

Watu husimama hapa wakacheka. Mimi naomba wasome kurasa zinazofuata, kwa sababu ndipo Lucian anapozungumza kwa moyo. Mgonjwa akishamaliza kutapika anapewa chakula. Aanze na washairi bora, awasome pamoja na walimu. Aende kwa wasemaji. Kisha Thucydides na Plato. Ajizoeze na futuhi nzuri na tanzia nzito. Ni Kiattika kitupu anachopewa! Lucian hakumwambia arudi kwenye lugha ya sokoni. Kosa lako kubwa, anamwambia, ni kwamba hutayarishi fikra kabla ya maneno. Unaokota neno la ajabu, halafu unatafuta jambo la kulivalisha, na unaona hasara usipolichomeka mahali, hata pasipohusika. Juzi tu ulitupia thymalops na hujui maana yake. Anamfananisha na wale wanasesere wa udongo wanaouzwa sokoni: nje rangi nyekundu na buluu, ndani tope, ukimgusa anavunjika. Kisha anamwambia atoe sadaka kwa miungu ya Madaha, na kwa Uwazi.

Uwazi akapewa madhabahu. Kwangu mimi hilo ndilo neno kuu la andiko lote.

Katika andiko jingine, Mwalimu wa Usemaji, ugonjwa huo unaonyeshwa kutoka upande wa anayeuza. Tapeli anamfundisha kijana njia ya mkato: kariri maneno ya Kiattika 15, au 20 yakizidi sana, yawe kwenye ncha ya ulimi, uyanyunyize juu ya kila hotuba kama kitoweo. Na ukikosea sarufi? Dawa ni moja, kukosa haya. Taja papo hapo jina la mtunzi ambaye hayupo wala hakuwahi kuwapo, useme yeye ndiye aliyeliidhinisha neno lako. Ushauri huo ulitokana na mambo yaliyokuwa yakitokea kweli. Philostratus, aliyeandika maisha ya wasemaji hao, anasimulia kwamba mmoja wao, Philagrus wa Kilikia, alighadhibika siku moja, likamponyoka neno geni. Mwanafunzi wa msemaji mwingine, Herodes Atticus, akamdaka: neno hilo limo kwa mtunzi gani mashuhuri? Akajibu, "Kwa Philagrus."

Swali la yule mwanafunzi lilikuwa ndilo swali la zama zile. Athenaeus, naye wa Naucratis, ameandika karamu ndefu ya wasomi ambamo yumo Ulpian wa Tiro. Huyu hawezi kuonja chakula chochote kabla hajauliza kama jina la chakula hicho limo katika vitabu vya kale. Barabarani, dukani kwa vitabu, bafuni, swali lake ni lilelile: keitai e ou keitai, limo au halimo? Wenzake wakampa jina la Keitoukeitos, yaani Limo-Halimo. Chakula kinapoa mezani watu wakisubiri ushahidi.

Tazama walikotoka watu hawa. Samosata, Tiro, Naucratis, Kilikia, Bithynia. Mzaliwa wa Athens ni nadra kumwona. Na Athens yenyewe iliambiwa kwamba haisemi tena Kiattika: huyo huyo Philostratus anamleta Agathion, mtu wa mashambani, anayedai mjini lugha imeharibiwa na vijana wa kulipwa kutoka Thrace na Pontus, na kwamba Kiattika safi kimebaki bara, mbali na bahari. Basi kila mtu akataka kuwa wa bara. Katika kesi ya Sigma anatajwa mtunzi mmoja wa futuhi, Lysimachus, ambaye asili yake ni Boeotia lakini anajigamba kuwa ametoka katikati ya Attika, jimbo la Athens. Ni nyumbani kwake ambako Sigma aligundua kwa mara ya kwanza tamaa ya Tau. Mstari mmoja tu, lakini umebeba mzigo mzima. Mpora maneno mkubwa ni mgeni anayeficha kwao.

Kuna mwanamke mmoja ambaye angeweza kuwaambia wote kwamba juhudi hizo hazifiki popote. Waandishi wa Kirumi Cicero na Quintilian wote wawili wanamkumbuka, ingawa hakuna aliyetuachia jina lake. Alikuwa kikongwe muuzaji, Athens. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, mzaliwa wa Lesbos, alimwuliza bei ya kitu. Mtu huyu alikuwa ameishi Athens miaka mingi, na jina lenyewe la Theophrastus alipewa kwa uzuri wa usemi wake. Bibi akamtajia bei, kisha akaongeza: "Mgeni, haipungui." Theophrastus aliumia. Quintilian anasema kilichomfichua ni kwamba Kiattika chake kilizidi mno. Hakukosea chochote, na ndiyo sababu bibi alimjua.

Sitaki kumsafisha Lucian kupita kiasi. Alijua kuuma palepale alipoumwa. Alipochekwa kwa kutumia neno apophras, la siku ya nuksi, kumwita nalo mtu, alimwandikia mkosoaji wake matusi ya kumvua nguo kabisa, mengi yakiwa hayahusiani na lugha hata kidogo. Na tajiri mjinga anayemcheka kwa kununua vitabu asivyoweza kuvisoma ni nani? Msiria mwenzake. Hapo nahisi baridi. Aliyeponea chupuchupu kwenye mlango mwembamba wakati mwingine ndiye anayeusukuma kwa nguvu zaidi usimpitishe ndugu yake. Wapo pia wa namna nyingine: mwanafalsafa Demonax, ambaye Lucian aliandika maisha yake kwa mapenzi makubwa, alimwuliza mtu swali akajibiwa kwa Kiattika cha kupindukia. Akamwambia, rafiki yangu, mimi nimekuuliza leo, wewe unanijibu kama tuko zama za Agamemnon. Akaishia hapo.

Na maneno yenyewe yalifanya nini? Phrynichus aliandika kwamba hakuna mtunzi wa kuaminika aliyesema eucharistein kwa maana ya kushukuru. Aliyakataza maji kuitwa neron, mapya, yaliyotoka kutekwa. Aliamuru kitanda kiitwe skimpous, kamwe si krabbatos. Leo ukiingia dukani Athens unaomba neró, ukipewa unasema efcharistó, na usiku unalala kwenye kreváti. Matatu yote yamepita juu ya kaburi la kamusi yake.

Lile la kitanda lilifika hadi kanisani. Sozomen, mwanahistoria wa kanisa, anaeleza kwamba katika kisiwa cha Saiprasi askofu msomi Triphyllius alikuwa akihubiri, akafika pale Yesu anapomwambia aliyepooza ajitwike kitanda chake aende. Injili inasema krabbatos. Yeye akasoma skimpous, ili masikio ya wasomi yasikwaruzwe. Askofu Spyridon, aliyekuwa mchungaji wa kondoo, alisimama kwa hasira. Wewe ni bora, akamwuliza, kuliko yule aliyesema krabbatos, hata uone aibu kutumia maneno yake? Akatoka mbele ya watu wote. Na msomaji asifikiri kwamba kwa Wagiriki jambo hilo liliisha na kina Spyridon: mwaka 1901 watu wanane waliuawa katika ghasia za Athens kwa sababu Injili ilitafsiriwa kwa Kigiriki cha kila siku, na lugha hiyo haikukubaliwa kuwa ya serikali hadi mwaka 1976.

Andiko la Lucian ninalolirudia zaidi ni fupi, na halina adui ndani yake. Asubuhi moja alikwenda kumwamkia mkubwa wake, kama ilivyokuwa desturi chini ya Roma. Alipaswa kusema chaire, furahi. Likamtoka hygiaine, uwe na afya, neno la kuagana jioni. Ni kama kumwendea mzee asubuhi na mapema, mahali pa shikamoo ukamwambia usiku mwema. Lucian anasema alitokwa na jasho, akaona haya, akawa hajui aangalie wapi. Waliokuwapo wengine walidhani amepungukiwa akili, wengine kwamba ni uzee, wengine kwamba ni mvinyo wa jana bado haujamtoka. Bingwa wa Kiattika, mtu aliyewatapisha wengine maneno, ameshikwa kwa salamu.

Akaenda nyumbani akaandika utetezi. Anawaita Pythagoras na Epicurus waje kumtolea ushahidi kwamba kutakiana afya ni jambo jema. Anamkumbusha mkubwa wake kwamba kabla ya vita vya Issus, Hephaestion, rafiki wa Alexander, naye aliteleza vivyo hivyo mbele yake, watu wote wakafadhaika, na Alexander akasema anaipokea ile kuwa ishara kwamba watarudi salama. Ushahidi unaongezeka, kurasa zinajaa, na kufikia mwisho jasho limekauka. Anasema anaogopa sasa watu watadhani aliteleza makusudi ili apate kuandika utetezi huu.